Stoo ya Darini

Bi Ghaniya ana duka la kofia Mabela,
mashine nne za kutarizi, kompyuta moja
yenye kumbukumbu ya giga nne na umri wa mtoto wa darasa la tano.
Michoro yote imo humo: maua, nyota, vishada,
kila tundu la sindano na hesabu yake.

Mtoto wa kaka yake, Haitham, aliyesoma Nizwa,
alikuja akasema: "Swapu ni sumu, shangazi.
Diski si kumbukumbu. Inaiburura kompyuta
kama mguu uliokufa ganzi. Zima."
Akazima.
Na kweli, wiki mbili ikawa nyepesi,
madirisha yakifunguka kidole hakijanyanyuka.

Usiku wa kuamkia ishirini na nane Ramadhani
simu yangu ikalia. "Njoo." Hakusalimu.
Bi Ghaniya asiposalimu, pana msiba au pana mteja.

Kompyuta ilikuwa imebeba michoro mitatu,
hesabu za duka, picha za vichwa vya watu;
ikajaa. Ikatafuta pa kutua mzigo, haikupaona.
Basi ikafanya ilivyofunzwa kufanya ikibanwa:
ikatazama nani mnene kuliko wote nyumbani,
ikamtoa nje bila kumpa viatu.
Mnene alikuwa programu ya kutarizi.
Kofia ikabaki na nusu ua,
uzi wa zambarau unaning'inia.

"Kinachotakiwa ni kuongeza kumbukumbu," alisema Haitham,
mikono kifuani.
Saa tisa usiku. Ruwi nani angetufungulia?

Nikamgeukia Bi Ghaniya: stoo yako ya darini ina nini?
"Masinia ya Idi. Mablanketi. Kitanda cha mtoto,
na mtoto mwenyewe ana ndevu."
Na chumvi?
"Chumvi darini! Nipande ngazi ishirini na mbili
jua la Agosti, kila nikionja mchuzi?"

Haitham, nikasema, shangazi yako ameshajibu.

Humo ndani mna vitu vimekaa tangu asubuhi
vikingoja kuitwa, na haviitwi:
kimoja kinaitafuta printa iliyokufa mwaka juzi.
Vipandishe hivyo, jiko lipumue.
Ila ukipandisha chumvi,
ukapandisha na kisu, na ubao, na kitunguu chenyewe,
utashinda ngazini, mchuzi utaungua,
na wapita njia watakusifu kwa bidii.

Nikawasha swapu, giga mbili.
Taa ya diski ikapepesa kama jicho lililoingia mchanga.
Polepole. Nisiseme uongo: polepole mno.
Baina ya ua na ua tulimaliza chai,
tukala daku, tukasikia adhana.
Mara mbili nilidhani imekwama
na Haitham akakohoa kwa raha.
Zilibaki kofia kumi na sita.
Zilichelewa. Zilitoka.

Baada ya Idi nikaenda Ruwi, nikanunua giga nane,
riali kumi na tatu na baisa mia tano.
"Sasa zima," akasema Haitham.
Sikuzima. Niliiambia tu ipande ngazi ikishikika,
isipande kwa matembezi.
Nyumba kubwa nayo ina masinia.

Hatujapatana hadi leo.
Yeye anasema ngazi huwafanya watu wavivu wa kujenga,
na hapo sina la kumjibu, maana nimewaona:
chumba kimoja, ngazi ndefu,
na mwenyewe anajisifu ana ghorofa.

Ile kofia ya nusu ua
Bi Ghaniya ameitundika pembeni mwa kioo cha kompyuta.
Juzi mteja mmoja wa Barka aliipenda,
akauliza bei, akatoa pochi kabisa.
"Hiyo haiuzwi," akaambiwa.
"Hiyo ni risiti."